Kikohozi cha Usiku na Chumvi ya Kwenye Paji la Uso

Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi ni wa baridi. Mji umekaa yapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mvua ilishakatika, vumbi jekundu linatanda kila gari likipita, na umeme wa shirika la SNEL ukikatika watu wanaingiza mbabula, jiko la makaa, ndani ili watoto wapate joto. Ndiyo miezi ambayo kikohozi kinasikika nyumba kwa nyumba, katika komuni za Katuba, Kenya, Kampemba hadi Ruashi. Kwa kuwa karibu kila mtoto anakohoa, ni rahisi kumpita yule mmoja ambaye kikohozi chake ni cha aina nyingine: kilikuwepo kabla ya baridi, kitakuwepo mvua ikirudi, na usiku kinamwamsha kifua kikiwa kimejaa makohozi mazito yasiyotaka kutoka.

Baadhi ya watoto hao wana ugonjwa ambao waganga wetu, waliosomea kwa Kifaransa, wanauita mukovisidozi. Ndugu zetu wa nchi za Kenya na Tanzania wanauita sistiki fibrosisi. Ni ugonjwa wa kurithi. Hauambukizwi, hauletwi na maziwa ya mama, wala na mkono wa mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu katika mji huu mtoto anayeumwa bila kupona, tena anayekula sana na bado anakonda, anaweza kunyooshewa kidole cha uchawi, au mama yake akaambiwa ukoo wake una laana. Baba na mama wote wawili wamebeba, bila kujua na bila kuumwa, nakala moja yenye kasoro ya jeni iitwayo CFTR. Mtoto akiipokea kasoro hiyo kutoka pande zote mbili, anaumwa. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa.

Jeni hiyo, iliyotambuliwa mwaka 1989 na timu za Lap-Chee Tsui, John Riordan na Francis Collins, iko kwenye kromosomu ya 7. Kazi yake ni kutengeneza mlango mdogo wa kupitishia kloridi, ambayo ni nusu ya chumvi tunayoijua, katika utando wa mirija ya hewa, kongosho, utumbo na tezi za jasho. Chumvi inapokwenda, maji yanafuata. Mlango usipofanya kazi, ute wa mapafuni unakosa maji, unakuwa mzito na wa kunata. Vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kwa mtu mwenye afya vinausukuma ute huo kuelekea kooni saa zote, vinashindwa kuubeba. Bakteria wanapata makao humo, na kila maambukizi yanaacha mirija ikiwa imeharibika kidogo zaidi.

Kwa nini usiku hasa? Jibu lina sehemu kadhaa, na mzazi akizielewa ataweza kumsaidia daktari kuliko anavyodhani.

Mchana mtoto anakimbia, anacheka, anapiga kelele, anavuta pumzi ndefu. Mwendo huo wote unatikisa ute na kuupandisha. Akilala, mwendo unakoma na ute unatulia pale ulipo. Zaidi ya hapo, usingizi mzito unazima kikohozi chenyewe: ubongo hauitikii sana muwasho wa mirija. Kwa hiyo saa za usingizi mzito zinaweza kupita kimya huku ute ukijikusanya, kisha usingizi unapokuwa mwepesi, au mtoto anapogeuka, kikohozi kinalipuka kwa mfululizo. Wazazi wengi huogopa dakika hizo, na wana haki. Lakini kikohozi hicho kinafanya kazi ya kusafisha, na kukizima kwa sirapu ni kumfungia mtoto uchafu kifuani. Sirapu zenye kodeini zina hatari nyingine tena: zinaweza kupunguza pumzi, na tangu mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani imezikataza kwa watoto walio chini ya miaka 12.

Kuna pia kikohozi kinachoanza dakika chache tu baada ya kichwa kugusa mto. Hicho mara nyingi hakitoki chini kifuani. Watoto wenye mukovisidozi karibu wote wana shida katika nafasi za hewa zilizo nyuma ya mashavu na paji la uso, na wengine wanaota vinyama puani. Wakilala, kamasi inateremka kooni na kuwasha. Kingine kinakuja baada ya chakula cha jioni, na mtoto anacheua au anaamka na ladha ya uchungu: hapo tindikali ya tumbo inapanda. Na kile kinachokuja alfajiri, kikavu, chenye mlio wa filimbi wakati wa kutoa pumzi, kinaelekeza kwenye pumu, ambayo mtoto mwenye mukovisidozi anaweza kuwa nayo pia. Saa, sauti, na kilichotangulia: mambo hayo matatu yaliyoandikwa kwenye daftari la shule kwa wiki moja yana faida kubwa mbele ya daktari kuliko maneno "anakohoa sana usiku".

Jambo moja linapita yote. Mtoto ambaye tayari anajulikana kuwa na ugonjwa huu, aliyekuwa analala vizuri, akianza kuamshwa na kikohozi usiku, hiyo ni habari. Mara nyingi ndiyo dalili ya mwanzo kwamba maambukizi yanapamba moto, kabla ya homa, wakati mwingine bila homa kabisa. Makohozi yakiongezeka au yakibadilika rangi, hamu ya kula ikipungua, uchovu ukizidi, mpeleke hospitali ndani ya siku mbili tatu. Mapafu yanayocheleweshewa dawa hayarudi yote mahali pake.

Halafu kuna hewa ya chumba. Mbabula iliyowekwa ndani milango ikiwa imefungwa inatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inayoweza kuua familia nzima usingizini; makaa yakiwaka yanatoa pia chembe zinazowasha mirija. Washeni nje, pikeni nje au barazani, na mtoto apewe blanketi la pili. Najua ni rahisi kuandika hivi kuliko kuufuata ushauri huu mwezi wa saba katika nyumba isiyo na umeme. Bado nauandika. Kuhusu vumbi la viwanda, mji wetu umeishi na moshi wa shaba tangu kiwanda cha kuyeyushia madini kilipoanza mwaka 1911, na utafiti wa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kobalti na metali nyingine kwa wingi katika mkojo wa wakazi wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Vumbi hilo halisababishi mukovisidozi. Ila kwa mtoto ambaye mirija yake haijisafishi, kila kinachoingia kinakaa.

Sasa tuje kwenye kosa linalotugharimu watoto. Mtoto anayekohoa kwa wiki nyingi, amekonda, anatoka jasho usiku: mganga yeyote wa Kongo atafikiri kifua kikuu kwanza, na atakuwa amefanya sawasawa. Nchi yetu imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya zile zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo, vipimo vipo, dawa zake ni bure. Siku hizi hata mtoto mdogo asiyeweza kutema makohozi anaweza kupimwa kwa choo chake katika mashine ya GeneXpert. Tatizo ni pale kipimo kinaporudi bila vijidudu, mtoto akapewa dawa za miezi sita hata hivyo, hakupona, akapewa tena. Au akaingizwa kwenye matibabu ya utapiamlo mara ya pili na ya tatu, kwa kuwa amevimba miguu na hana damu. Mwaka 1938 daktari Dorothy Andersen wa New York alipoueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu, alikuwa anachunguza miili ya watoto waliodhaniwa kufa kwa kushindwa kufyonza chakula tu. Alikuta kongosho zimejaa makovu.

Kongosho ndiyo inayotuonyesha njia. Isipotoa vimeng'enya vyake, mafuta ya chakula yanapita bila kusagwa. Mama anayemsafisha mtoto ameshayaona: choo kingi, cha kung'aa kwa mafuta, kinachoelea na kunata kwenye nguo, chenye harufu inayojaza nyumba. Mtoto anamaliza sahani ya bukari (ugali), anaomba nyingine, na uzito haupandi. Tena kuna dalili ya chumvi. Mwezi wa kumi, joto linapokuwa kali, jasho likikauka linaacha unga mweupe kwenye paji la uso na pembeni mwa nywele, na anayembusu mtoto anasikia ladha ya chumvi mdomoni. Watoto hawa wanapoteza chumvi nyingi sana kwa jasho, hata kuzimia. Ndivyo Paul di Sant'Agnese alivyogundua siri hiyo wakati wa joto kali la New York, na mwaka 1953 akachapisha kwamba jasho lao lina chumvi kupita kiasi.

Kutoka hapo kikazaliwa kipimo kinachotumika mpaka leo. Dawa ya pilokapini inapakwa kwenye mkono na kusukumwa ndani ya ngozi kwa umeme mdogo usioumiza, jasho linakusanywa kwa nusu saa, na kloridi inapimwa. Ikifika 60 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, ugonjwa karibu ni hakika na kipimo kinarudiwa kuthibitisha. Ikiwa chini ya 30, ni vigumu kuwepo. Hakuna sindano, hakuna damu.

Kinachotuzuia kuuliza ni imani kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Kweli, Ulaya ndiko unakopatikana kwa wingi. Lakini mwaka 1999 Michèle Ramsay na wenzake wa Afrika Kusini walionyesha kwamba Waafrika nao wamebeba kasoro za CFTR, hasa moja iitwayo 3120+1G>A, na wakakadiria kwamba miongoni mwa Waafrika weusi wa nchi hiyo anaweza kuzaliwa mgonjwa 1 kati ya watoto 784 hadi 13,924. Upana wa makadirio hayo wenyewe unaonyesha jinsi watoto wengi wasivyohesabiwa. Kwa jirani yetu Rwanda, Léon Mutesa na wenzake walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa jeni za watoto wenye dalili zinazofanana na za ugonjwa huu, wakakuta kasoro ambazo hazikuwa zimeelezwa kabla. Mzazi mwenye uwezo wa kupeleka sampuli ya damu Ulaya ajue hilo: kipimo cha haraka cha jeni kilichotengenezwa kwa ajili ya Wazungu kinaweza kurudi safi huku mtoto akiwa mgonjwa, kwa sababu kimetafuta kasoro za watu wengine.

Dawa mpya zinazosifiwa duniani, kama Trikafta iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa bei ya zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka, zinarekebisha mlango wenyewe. Mtoto mwenye nakala mbili za kasoro ile ya Kiafrika hazimsaidii, kwa sababu kwake mlango karibu hautengenezwi kabisa. Kinachobaki ni kazi ya mikono, na kazi hiyo inaongeza miaka: vidonge vya vimeng'enya kwa kila mlo, vitamini A, D, E na K, chakula chenye mafuta na nguvu nyingi, chumvi ya kutosha, antibiotiki kwa wakati, na kusafisha kifua kila siku.

Usafishaji wa jioni ndio unaogusa usiku. Ufanyike kabla ya chakula, au si chini ya saa moja baada yake, mtoto akiwa ameketi au amelala ubavu. Ile desturi ya kumning'iniza mtoto mchanga kichwa chini imeachwa kwa sababu inapandisha tindikali. Mkubwa kidogo anafundishwa kuvuta pumzi ndefu, kuishikilia kidogo, kisha kuitoa kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama anayetia ukungu kwenye kioo. Mara mbili tatu, ndipo akohoe na kutema. Mganga akiandika salbutamoli ya kupuliza, itangulie usafishaji. Na kama hakuna chombo cha kuivutia, chupa ya plastiki ya maji ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni kiasi cha mdomo wa pampu na kuzibwa pembeni, inatosha: Heather Zar wa Cape Town alithibitisha hilo katika utafiti wa mwaka 1999 kwa watoto wenye pumu. Haihitaji umeme.

Mama, baba, kama umeona dalili hizi mbili tatu pamoja kwa mwanao, muulize daktari wa watoto, wa Hospitali Jason Sendwe au wa Kliniki za Chuo Kikuu: je, inaweza kuwa mukovisidozi, na jasho lake litapimwa wapi? Na usiku, chukua simu uhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, apelekwe hospitali asubuhi hiyohiyo. Mbavu zikibonyea ndani, midomo ikiwa ya bluu, akikohoa damu, akishindwa kunywa au akiwa mlegevu asiyeamka vizuri, usingoje kupambazuke: mwamshe jirani mwenye gari, muondoke.