Mumunye, Kibuyu na Gorfa: Jina la Mmea na Jina la Chombo

Mmumunye ni mmea utambaao wa jamii ya maboga na matango, ambao wataalamu wa mimea huuita Lagenaria siceraria. Maua yake ni meupe nayo huchanua jioni, tofauti na mtango na mtikiti wenye maua ya manjano. Asili yake ni Afrika. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa hata vibuyu vya kale vya bara la Amerika vilitokana na mbegu za Afrika, yamkini zilizochukuliwa na mawimbi ya Atlantiki. Mwanalugha, hata hivyo, ana safari nyingine ya kuifuata, nayo ni ya majina.

Katika Kiswahili, tunda hili hubadili jina kwa kadiri ya umri na kazi yake. Likiwa changa ni mumunye, au mung'unye, na huliwa kama mboga. Lililo chungu sana haliliwi hata likipikwa, kwani uchungu huo ni sumu. Likikomaa, gamba hukauka likawa gumu. Likitolewa nyama na mbegu huwa si mumunye tena, bali kibuyu. Methali isemayo kuwa mumunye huharibikia ukubwani ni kauli ya mpishi. Fundi wa vyombo asingeikubali.

Lakini kimofolojia kibuyu hakitokani na mmumunye. Kimetokana na buyu, tunda la mbuyu, ambalo gamba lake pia hutumika kuchotea maji. Basi chombo cha mmea mmoja kimepewa jina la mti usio na udugu nao, kwa sababu kilichotazamwa ni kazi, si shina. Hapa ndipo mtego ulipo: neno lililokwisha kuruka kutoka mti hadi mmea utambaao huonekana kuwa tayari kuruka tena, likafunika kila chombo cha maziwa.

Mfano wa Korbesa, upande wa Merti katika Kaunti ya Isiolo, watosha kulidhihirisha jambo hili. Wakazi wake wengi ni wafugaji wa Kiborana, na lugha yao ni tawi la Kioromo. Kiborana kinalo neno buqqee kwa kibuyu chenyewe. Ila chombo mashuhuri cha maziwa ni gorfa, nayo haioti shambani. Wanawake huisuka kwa nyuzi za mizizi, wakazikaza hata maziwa yasivuje, kisha huifukiza kwa vijinga vya miti yenye harufu nzuri. Chombo cha kukamulia, okole, kwa jadi ni cha ngozi ya twiga.

Fasiri iliyozoeleka ya gorfa ni “kibuyu cha maziwa”. Kwa Mkalenjini, ambaye mursik yake hutiwa katika kibuyu halisi, fasiri kama hiyo haina kasoro. Kwa mtoto wa Korbesa ina kasoro kubwa. Akiandika katika insha, “Mama alisuka kibuyu,” sarufi yake ni timamu na habari yake ni ya kweli, lakini mwalimu aliyelelewa pwani atapitisha wino mwekundu juu ya “alisuka”. Kosa si la mtoto. Ni la aliyempa neno hilo.

Je, neno gorfa lenyewe likopwe? Pingamizi moja ni la kifonolojia. Kiswahili aghalabu hutia irabu kati ya konsonanti za maneno ya kigeni, kama sarufi ilivyotokana na neno la Kiarabu sarf. Kwa kanuni hiyo gorfa ingekuwa gorofa, na mama wa Korbesa angeonekana anasuka nyumba ya orofa! Hata hivyo kanuni hiyo si amri: elfu, karne na sharti zimebaki na konsonanti zake zimeshikana, wala hakuna mzungumzaji anayelalamika. “Chombo cha kusukwa cha maziwa” ni maelezo, si jina, na kamusi yaweza kuyatumia kufafanua kidahizo tu. Kidahizo chenyewe na kiwe gorfa, katika ngeli ya N: gorfa hii, gorfa hizi, na kibuyu kiachiwe kile kilichoota.