Vijana wa mjengo, msitie nyuzi kwenye zege bila kupima

Ukipita barabara ya Kisii kuelekea Migori, pale Rongo utakuta mjengo kila upande. Huenda nawe unabeba karai huko, na umesikia kwamba ukichanganya nyuzi za mkonge, plastiki au chuma, zege halipasuki ovyo. Wazo ni poa. Lakini umepima?

Zege la kawaida hupimwa hivi: unamimina mchemraba wa milimita 150 kila upande, unauweka majini, kisha unapondwa kwa mashine siku ya 28. Kipimo hicho hakikuambii mengi kuhusu nyuzi, kwa sababu kazi yake huanza ufa ukishatokea. Hapo ndipo zinashikilia pande mbili zisiachane. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya, EN 14651, kinataka boriti ndogo ichanjwe chini katikati, ikunjwe polepole huku upana wa ufa ukipimwa.

Usidhani ni mambo ya Wazungu tu. Miaka ya 1980 vigae vya saruji na mkonge vilitengenezwa hapa Kenya. Shida ni kwamba alikali ya saruji huula mkonge, na miaka ikisonga nyuzi huisha nguvu.

Kwa hivyo anza na kigae au sakafu ya uani. Kwenye slabu, usipunguze vyuma eti kuna nyuzi. Chini yake familia ya mtu italala. Andika uzito wa nyuzi katika kila mchanganyiko, peleka sampuli maabara, na uulize KEBS kiwango kinachohusu bidhaa yako kabla hujaiuza.