Wembe Haumfundishi Mtoto Kusema

Kila nikishuka Kyela kuangalia madarasa ya watoto wadogo wenye mahitaji maalumu, swali ni lilelile: "Mwalimu, huyu si akatwe tu udata aanze kuongea?" Mama wa Ndandalo ameniuliza, bibi ameniuliza, na sasa ananiuliza hata mwenye cheti cha ualimu. Basi nalijibu kwa maandishi.

Udata upo. Ni utando wa chini ya ulimi ukiwa mfupi mno au ukiwa umeshika karibu na ncha. Mtoto mchanga mwenye udata anaweza kushindwa kunyonya vizuri; akikua, sauti kama r na l zinaweza kumsumbua. Lakini ataongea. Ataita mama, atadai uji, atagombana na wenzake, hata kama matamshi yamepinda. Mtoto wa miaka minne asiyetamka neno hata moja ana tatizo jingine, na kuendelea kumchungulia chini ya ulimi ni kumpotezea muda.

Anayebisha akakae nyuma ya darasa saa ya uji. Mvulana ambaye kwao wameshaamua ana udata anamaliza kikombe, anatoa ulimi na kulamba uji uliobaki juu ya mdomo. Ulimi uliofungwa kwa kawaida haufiki hapo. Mwalimu anapita nyuma yake na kumwita jina: kimya. Anapaza sauti: kimya. Anagonga dawati kwa kiganja: mtoto anageuka papo hapo. Nyumbani wanaapa kwamba anasikia, maana mlango ukibamizwa hushtuka. Kilichomshtua ni mtikisiko. Masikio yake hayajawahi kupimwa, na familia inatafuta wembe!

Msichana wa dawati la pili anasikia hata karanga ikimenywa. Ila mwalimu akimwonyesha kwa kidole mtumbwi uliochorwa ukutani, hafuatishi macho. Anapanga vizibo vya soda kwa rangi, na mwenzake akigusa kimoja analia kwa uchungu. Dalili kama hizi zinataka achunguzwe usonji. Utando wa ulimi unahusikaje hapo?

Chini ya ulimi pana mishipa ya damu na matundu ya mate. Wembe wa mtaani unaweza kuleta damu isiyokoma, pepopunda, VVU, au kovu la kuufunga ulimi uliokuwa huru. Hasara kubwa zaidi ni muda. Wanakata, wanasubiri mwaka. Mtoto akitamka neno, sifa zinakwenda kwa mkataji. Asipotamka, wanaambiwa haukukatika vizuri, urudiwe. Huku miaka ya mwanzo, ambayo ubongo unashika lugha kwa kasi, inayoyoma.

La kufanya ni hili. Mtoto asiyegeukia sauti, asiyetamka neno akiwa na mwaka na nusu, au asiyeunganisha maneno mawili akifika miaka miwili, mpeleke Hospitali ya Wilaya ya Kyela, uombe rufaa ya kupimwa masikio Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Taja kama aliugua homa ya uti wa mgongo, kama alizaliwa akapata manjano makali, kama masikio hutoa usaha. Kama udata ni wa kweli, hospitali ndiyo itakayoamua. Akiwa kiziwi, vipo vifaa vya kusaidia kusikia, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili wamekuwa wakipandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017, na ipo Lugha ya Alama, ambayo nyumba nzima ianze kujifunza mara moja. Mwone afisa elimu maalumu wa halmashauri kuhusu nafasi ya shule. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamlinda, asikataliwe. Ongea naye kila siku, umtazame usoni, umsubiri ajibu kwa njia yake.

Nawe mwalimu wa awali, usiandike "haongei" ukafunga daftari. Andika ulichokiona: aliitwa kutoka upande gani, alikuwa anatazama au hatazami, alionyesha kitu kwa kidole au alikuvuta mkono. Mistari mitano ya namna hiyo itamsaidia daktari kuliko wembe wowote uliowahi kuingia kinywani mwa mtoto.