Kipepeo wa Chupani na Somo la Radi

Chunya, kaskazini mwa jiji la Mbeya, inajulikana kwa dhahabu iliyoanza kuchimbwa katika eneo la Lupa miaka ya 1920. Dhahabu ina nafasi pia katika historia ya umeme. Katika miaka ya 1780, kasisi Mwingereza Abraham Bennet alitundika ndani ya chupa vipande viwili vya dhahabu nyembamba mno, akapata kifaa cha kutambua umemetuli. Leo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuunda kifaa hicho bila dhahabu.

Huhitajika chupa kavu ya kioo yenye kifuniko cha plastiki, waya wa shaba uliomenywa, karatasi ya alumini ya jikoni na chanuo la plastiki. Waya hupitishwa katikati ya kifuniko na kukunjwa ndoana upande wa ndani. Vipande viwili vya alumini, kila kimoja cha urefu wa sentimita 4, hutundikwa hapo vikigusana, mfano wa mabawa ya kipepeo aliyetua. Chanuo likisuguliwa kwenye sweta kavu la sufu hujipatia chaji. Likiburuzwa kwenye ncha ya juu ya waya, chaji hushuka hadi kwenye mabawa. Kwa kuwa yote mawili yana chaji ya aina moja, husukumana, na kipepeo hufungua mabawa. Mtoto akigusa waya kwa kidole, mabawa huanguka papo hapo: chaji imepita mwilini mwake kwenda ardhini, wala haikubaki.

Kuanguka huko kwa mabawa kuna somo la uhai. Radi nayo hutokana na chaji zinazotenganishwa chembe za barafu zinapogongana mawinguni, ila kwa kiwango kikubwa kupita kiasi. Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Hata hivyo, bado wapo wanaoamini kuwa radi hutumwa na wachawi, na wengine huogopa kumgusa aliyepigwa wakidhani umeme ungali mwilini mwake. Hofu hiyo huua. Mwili wa majeruhi hauhifadhi umeme, na ni salama kumgusa mara moja.

Radi huweza kusimamisha moyo na pumzi kwa pamoja. Asiyepumua ahudumiwe kwanza: kifua kikandamizwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, apuliziwe pumzi, huku msaada wa hospitali ukitafutwa. Walio salama wakae ndani ya jengo imara, mbali na miti, hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kipepeo hufanya kazi vizuri wakati wa kiangazi, kwani unyevu hupoteza chaji. Walimu wa Chunya wanaweza kulifundisha somo hili kati ya Juni na Oktoba, kabla mvua za radi hazijaanza.