Miguu inayomnyima mtu usingizi

Wapo watu ambao mchana hawana tatizo, lakini wakishaswali Isha na kupanda kitandani, miguu inaanza. Si maumivu hasa. Wengine husema ni kama wadudu wanatambaa ndani ya nyama. Akiamka kutembea anapata nafuu, akilala yanarudi. Usingizi humchukua karibu na alfajiri, na swala ikampita.

Majumbani husemwa ni uchovu, au jini. Lakini maradhi haya yanajulikana. Daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, aliyaeleza kwa kina mwaka 1945.

Sababu moja kubwa ni upungufu wa madini ya chuma. Ubongo huyahitaji ili kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa viungo. Ndiyo maana akina mama wenye hedhi nzito na wajawazito, hasa miezi mitatu ya mwisho, hupata sana. Kwa wajawazito wengi huondoka baada ya kujifungua. Wagonjwa wa figo nao hupata, na wengine hurithi.

Ukienda hospitali, usiishie kupima wingi wa damu. Uliza kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Mtu anaweza kuambiwa damu inatosha kumbe akiba imekwisha. Ikiwa mikrogramu 75 kwa lita au chini, daktari huweza kukupa chuma. Usijinywee vidonge bila kupima, kwani chuma kikizidi hudhuru ini.

Sasa tuseme kuhusu chai yetu. Chai nzito pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini, na kafeini yake huwasumbua wengi wenye miguu hii. Mwezi wa Ramadhani tunafuturu nayo, na baada ya tarawehe birika linarudi tena! Isubirishe saa moja au mbili baada ya kula, usiku iache kabisa, na kwenye mchicha kamulia ndimu.

Wengine hunywa piritoni wapate usingizi. Dawa hiyo huweza kuzidisha miguu kucheza, na vivyo hivyo metoklopramidi, wanayopewa baadhi ya wajawazito kwa kutapika. Mweleze daktari akubadilishie.

Kukanda miguu, kuinyoosha na maji ya uvuguvugu husaidia. Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, au mwenye kisukari akifa ganzi nyayo, hayo ni mengine; awahi hospitali.