Uandishi wa kujitegemea: biashara inayoendeshwa kwa mkopo wa mwandishi

Magazeti, redio za mikoani na tovuti za habari nchini Tanzania zingepata shida kujaza kurasa na vipindi vyake hata kwa siku moja kama si watu ambao hazijawaajiri. Kuna korespondenti wa wilayani, mpiga picha anayelipwa kwa picha, mwandishi wa makala anayeuza kwa wahariri watatu tofauti, na mtafsiri anayepewa ripoti za miradi usiku azirudishe asubuhi. Vyuo vinaendelea kutoa wahitimu, vyumba vya habari vinazidi kubana ajira, na wengi wa vijana hao huanzia huku.

Wanapoanza huambiwa kwamba kinachohitajika ni kipaji na bidii. Ukiwasikiliza waliokaa kwenye kazi hii unapata picha nyingine. Wengi wanaoiacha wanajua kuandika, na wanaiacha kwa sababu hawana cha kula katikati ya siku makala ilipochapwa na siku ilipolipwa.

Korespondenti mmoja wa Kanda ya Ziwa, aliyeliandikia gazeti moja kwa zaidi ya miaka kumi, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa uwazi kuliko wote waliozungumza kwa ajili ya makala haya. Analipwa kwa stori iliyotoka. Iliyotumwa haihesabiwi. Stori kubwa ni Sh10,000. Ikikatwa ikawa habari fupi, inashuka chini ya nusu. Akituma habari tatu za mafuriko katika wiki moja, moja itatoka ikiwa fupi, mbili zitachanganywa na habari za mikoa mingine na kutoka chini ya jina la Mwandishi Wetu. Kwa Mwandishi Wetu hakuna malipo, kwa sababu mhasibu hana jina la kumlipa. Nauli ya bodaboda hadi kijijini, bando la kutuma picha na simu za kumtafuta mkuu wa wilaya athibitishe habari vyote vimetoka mfukoni mwake.

Ana daftari la kurasa nyingi ambamo hubandika vipande vya gazeti vyenye jina lake, kila kimoja kikiwa na tarehe na ukurasa vilivyoandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu. Mwisho wa mwezi huandaa orodha na kuituma makao makuu. Huko hukutana na hesabu ya mhasibu, na hesabu hizo mbili, anasema, hazijawahi kulingana. Kipande kinachobishaniwa hukipiga picha na kukituma tena. Yote haya ni kwa ajili ya malipo ambayo yenyewe huchelewa miezi mitatu, minne, na safari nyingine zaidi.

Alipoulizwa kwa nini asiuze kwa chombo kingine, jibu lake ndilo linaloeleza biashara yote hii inavyojiendesha. Akiondoka, anasema, malimbikizo yake hayatalipwa. Anayelipwa ni yule anayeendelea kutuma, kidogo kidogo, deni la nyuma likiwa palepale. Kadiri anavyodai fedha nyingi ndivyo anavyoshindwa kuondoka. Mwandishi mchanga anayesifiwa kwa uvumilivu mwaka wake wa kwanza hajui kwamba tayari ameanza kukikopesha chombo cha habari, bila riba, bila dhamana na bila karatasi yoyote.

Upande wa wenye vyombo una maelezo yake, na si ya kupuuzwa. Mhariri mmoja anakumbusha kwamba gazeti linaishi kwa matangazo kuliko kwa mauzo ya nakala. Matangazo mengi makubwa ni ya serikali na taasisi zake, na kilio cha madeni ya matangazo hayo ni cha miaka mingi. Watangazaji binafsi nao wamehamia kwenye mitandao ya kijamii. Fedha isipoingia, anasema, haiwezi kutoka. Lakini mhariri huyohuyo anakubali kwamba mchapaji hulipwa kabla mtambo haujawashwa, na umeme hulipwa kabla ya kutumika. Katika orodha ya wanaosubiri, mwandishi wa nje huwekwa mwisho kwa sababu ndiye asiyeweza kuzuia gazeti lisitoke.

Pengo hilo la malipo linazibwa na bahasha ya fedha kutoka kwa waandaaji wa matukio. Waandishi wenyewe huiita mshiko, au nauli, na kwa wengi ndiyo fedha pekee ya uhakika katika wiki. Mkutano na waandishi wa habari unaotoa elfu ishirini ni sawa na stori kubwa mbili zilizochapwa, tena hulipwa papo hapo. Matokeo yake msomaji anayaona kila asubuhi: habari za semina, uzinduzi na makabidhiano zimejaa, na habari ya maji yasiyotoka mtaani, ambayo haina mwandaaji wa kulipa nauli, haipo. Kulaani bahasha ni rahisi. Vyombo vinavyoilaani ndivyo vinavyopanga malipo vikijua itakuwepo.

Serikali huizungumzia sekta hii kwa matumaini makubwa, na takwimu inayorudiwa kuliko zote ni moja: Kiswahili kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200. Ofisa mmoja anayehusika na masuala ya lugha aliitaja mara kadhaa katika mazungumzo mafupi. Kwake, hiyo ni soko. Tangu Julai 7 ilipotangazwa mwaka 2021 kuwa siku ya Kiswahili duniani, na Umoja wa Afrika ukaipitisha lugha hii kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, anasema kijana anayejua kuandika Kiswahili sanifu hana sababu ya kulia njaa. Kuna tafsiri, kuna ukalimani, kuna maudhui ya mitandaoni, kuna majirani wanaotaka kufundishwa.

Takwimu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu wapo vijana wanaoacha kutafuta kazi nyingine kwa kuiamini. Makadirio ya wazungumzaji hutofautiana sana kulingana na nani anahesabiwa. Wengi katika hao milioni 200 ni watu ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili au ya tatu, wanaokitumia sokoni, kanisani au barabarani. Kukizungumza ni jambo moja, kulipia maandishi yake ni jambo lingine. Mkazi wa Bukavu au Kampala anayeelewana na dereva kwa Kiswahili si lazima anunue makala iliyoandikwa Dodoma. Hata hapa nyumbani, wanaosoma vichwa vya habari kwenye meza ya muuza magazeti ni wengi kuliko wanaonunua nakala. Ofisa huyo alipoulizwa ni wangapi katika hao milioni 200 wanalipia chochote kilichoandikwa, alirudi kwenye idadi ya wazungumzaji. Nikiwa mwandishi wa kurasa hizi ningefurahi kuona takwimu yake ikizaa ajira, lakini kwa sasa hakuna mhariri niliyezungumza naye aliyeitaja kama sababu ya kupandisha malipo ya stori hata kwa shilingi elfu moja.

Kuna pia suala la kuruhusiwa kufanya kazi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilifanya ithibati kuwa sharti la kuitwa mwandishi wa habari, na kanuni zake zikaweka diploma kuwa kiwango cha chini cha elimu. Walioingia kwa cheti, au kwa uzoefu wa miaka kabla ya sheria, walipewa muda wa kusoma. Lengo lililotajwa ni kuondoa makanjanja na kuipa taaluma heshima yake, na ni kweli kwamba makanjanja wameiharibia jina kazi hii kwa kutisha watu na kuomba fedha. Lakini korespondenti anayelipwa Sh10,000 kwa stori atalipa ada ya chuo kwa miaka miwili kutoka wapi? Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye chombo kuwawekea waajiriwa wake bima na hifadhi ya jamii. Neno ni waajiriwa. Wa kujitegemea amebanwa na masharti ya taaluma kama wenzake, ila kinga inapofika yeye anahesabika yuko nje.

Aliyefikiri kukwepa yote haya kwa kufungua tovuti yake naye alikutana na kanuni za maudhui ya mtandaoni. Zilipoanza mwaka 2018, leseni ilikuwa Sh1,000,000 pamoja na Sh100,000 ya maombi, na ada nyingine ya Sh1,000,000 kila mwaka. Baadaye ada zilipunguzwa, lakini baadhi ya waliofunga wakati ule hawakurudi.

Kodi nayo huwashtua wengi siku ya malipo ya kwanza. Mlipaji anatakiwa kukata asilimia 5 ya ada ya huduma kama kodi ya zuio, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliwataja pia wazalishaji wa maudhui ya kidijitali. Kenya ilifanya kama hivyo mwaka 2023, kwa kiwango hichohicho cha asilimia 5. Anayeisikia kwa mara ya kwanza huona asilimia 5 ni kidogo. Tuchukue mfano wa makala ya korosho ya Sh200,000, ambayo mwandishi amesafiri kwenda Mtwara kuiandika na kutumia Sh120,000 kwa basi, malazi na chakula. Kama ankara yake haikutenganisha gharama na ada, hukatwa Sh10,000 kwenye jumla yote. Faida yake halisi ilikuwa Sh80,000, kwa hiyo amekatwa moja ya nane ya kilichobaki mkononi. Fedha iliyozuiwa huhesabiwa katika kodi yake ya mwaka, lakini ni lazima awe na namba ya mlipakodi, ambayo hutolewa bure, na cheti cha zuio kutoka kwa aliyemkata. Waandishi wengi waliohojiwa walikatwa na hawakuwahi kupewa cheti. Bila cheti, hawana cha kuonyesha kwamba fedha iliyokatwa ilifika ilikotakiwa kufika.

Fedha ya kueleweka iko nje ya magazeti. Mashirika yasiyo ya kiserikali hulipa zaidi kwa simulizi moja ya mnufaika wa mradi kuliko gazeti linavyolipa stori za mwezi, na hulipa kwa mkataba. Vyombo vya ng'ambo humlipa mwenyeji anayewatafutia watu wa kuhojiwa, anayetafsiri na kuwaongoza, ingawa jina lake mara nyingi halionekani kwenye kazi iliyotoka. Hapa mwandishi wa Tanzania ana kikwazo ambacho mwenzake wa Kenya hana: moja ya huduma kubwa za malipo ya mtandaoni imekuwa ikimruhusu kulipa bila kumruhusu kupokea, wakati Mkenya hupokea na kuhamishia kwenye simu. Wengine hupitisha fedha kwa ndugu aliyeko Nairobi, na ndugu naye hutaka chake.

Tafsiri, iliyokuwa kimbilio la wengi, imeanza kuyumba. Tangu programu za akili mnemba zilipoenea kuanzia mwishoni mwa 2022, baadhi ya wateja hutuma maandishi yaliyokwishatafsiriwa na mashine na kuomba yasafishwe tu, kwa sehemu ndogo ya bei ya zamani. Mtafsiri mmoja anasema kusafisha humchukua muda uleule wa kutafsiri upya, kwa kuwa Kiswahili cha mashine huonekana sawa mpaka ukisome kwa sauti. Huenda wateja wakagundua na kurudi. Huenda pia wasijali, na dalili za sasa hazitoi jibu la moja kwa moja. Redio za mikoani, zenye wasikilizaji waaminifu na gharama ndogo, zinaweza kuwa wanunuzi wazuri zaidi siku zijazo kuliko magazeti, ikiwa matangazo yatazifuata.

Kwa anayeanza leo, wazoefu wanakubaliana kwa machache. Usisafiri kabla ya kupata ujumbe wa maandishi kutoka kwa mhariri unaotaja urefu, bei, nani analipa nauli na malipo ni lini. Hata ujumbe wa simu ni bora kuliko ahadi ya mdomo. Tenganisha gharama na ada kwenye ankara. Usitume stori ya nne kwa chombo ambacho hakijalipa ya kwanza, hata kama mhariri ni mtu mwema, na wengi ni watu wema. Hakimiliki ya kazi uliyoiandika ukiwa huru huanzia kwako, hivyo usisaini karatasi inayoitoa yote kwa bei ya kuchapwa mara moja.

Aliyekaa muda mrefu na chombo kimoja ana silaha ambayo wachache wanaijua. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa ipo hata hali moja kati ya kadhaa zilizotajwa. Miongoni mwake ni kufanya kazi kwa kuelekezwa na anayemlipa, kumtegemea kiuchumi, kumfanyia kazi mtu mmoja tu, au kumfanyia kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Korespondenti yule wa Kanda ya Ziwa anatimiza zaidi ya moja, na hakuwahi kuisikia sheria hiyo. Daftari lake la vipande vya magazeti linaweza kuwa ushahidi. Lakini asichelewe: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa kwenye usuluhishi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60.