Malisho, Malalo na Upepo: Kuandaa Ardhi Mpya ya Kuwindia Kulungu Marekani

Katika majimbo ya mashariki na ya kati ya Marekani, sehemu kubwa ya uwindaji wa kulungu hufanyika katika ardhi ya watu binafsi, na wako wengi wanaonunua au kukodi vipande vya msitu na mashamba yaliyoachwa kwa nia hiyo tu. Jambo ambalo mmiliki mpya hulikimbilia kwanza ni kulima kishamba cha malisho, yaani kipande kidogo, aghalabu cha nusu ekari hadi ekari tatu, kinachopandwa mimea isiyokusudiwa kuvunwa na binadamu bali kuliwa na mnyama pale pale ilipoota. Makala haya yanaeleza namna ardhi hiyo inavyoandaliwa, yakichukua mfano wa vilima na mabonde ya kusini-magharibi mwa jimbo la Wisconsin, na yanashikilia kwamba kishamba hicho, pamoja na umaarufu wake, ni kazi inayopaswa kuja mwisho, kwa kuwa hakimshibishi kulungu kwa maana halisi bali humvuta apite mahali fulani kabla jua halijazama.

Kulungu anayehusika ni yule wa mkia mweupe, ambaye wanasayansi humwita Odocoileus virginianus. Anatofautiana na swala na pongo wa Afrika kwa kuwa pembe za dume lake zina matawi na hudondoka kila mwaka, kwa kawaida kati ya Januari na Machi, kisha nyingine huanza kuchipua kuanzia Aprili na kukamilika kabla ya Septemba, ukuaji ambao huhitaji protini na madini mengi katika miezi ambayo wawindaji wengi hawakumbuki hata kama wana ardhi. Kufikia mwaka 1900 wanyama hawa walikuwa wamewindwa hadi kukadiriwa kubaki chini ya nusu milioni katika nchi nzima, na leo wanakadiriwa kufikia takriban milioni 30, jambo lililotokana na sheria kali, na kurudi kwa misitu katika mashamba yaliyoachwa, na kutoweka kwa mbwa mwitu katika maeneo mengi. Msomaji wa Tanzania, aliyezoea habari za vitalu vya uwindaji ambavyo mamlaka za Serikali huvigawa kwa makampuni kwa ada na kwa muda maalumu, hana budi kuutambua mpangilio tofauti uliopo huko: ardhi ni ya mtu na miti ni yake, lakini kulungu ni mali ya umma inayosimamiwa na jimbo, kwa hiyo mwenye shamba naye kwa kawaida hukata leseni, hufuata msimu na hutii idadi iliyowekwa kama mtu mwingine yeyote.

Kutokana na hali hiyo ya kisheria, na zaidi kutokana na tabia ya mnyama mwenyewe, kipimo cha kwanza cha busara ni kukubali kwamba ardhi ni ndogo. Eneo ambalo kulungu mmoja huzunguka kwa mwaka hukadiriwa mara nyingi kuwa karibu maili moja ya mraba, sawa na ekari 640, ilhali kipande cha kawaida cha kuwindia kinaweza kuwa na ekari 80 au pungufu ya hapo, yaani sehemu moja ya nane ya maisha ya mnyama huyo, nazo saba zikiwa kwa majirani. Mmiliki anayejua hesabu hii hajiulizi atawalisha kulungu wangapi; hujiuliza ni kitu gani kinakosekana kwa majirani ambacho yeye anaweza kukiweka. Palipozungukwa na mahindi na soya, kama ilivyo katika mabonde mengi ya Wisconsin, chakula cha majira ya joto si haba hata kidogo, na kinachokosekana huwa ni mahali pa kujificha au kitu cha kula baada ya mashine za mavuno kupita.

Ndiyo maana mwaka wa kwanza, kwa maoni ya waangalifu, ni mwaka wa kusoma ardhi kuliko wa kuilima. Wakati mzuri ni mwishoni mwa majira ya baridi, theluji inapoanza kuyeyuka na majani yakiwa bado hayajachipua, kwa sababu mapito ya wanyama huonekana waziwazi, magome yaliyokwaruzwa kwa pembe bado yana alama, na malalo, yaani sehemu wanazolala mchana, hutambulika kwa vishimo vya umbo la yai vilivyobonyea kwenye majani makavu, mara nyingi karibu na ncha za vilima ambako mnyama hupata upepo mgongoni na mandhari ya bonde mbele yake. Kuingia katika malalo mwezi Februari hakuna madhara makubwa, lakini kufanya hivyo mwezi Oktoba ni kumfundisha dume mzee ahamie kwa jirani.

Baada ya kusoma huja kazi ya mwanga, ambayo pengine ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote na ndiyo isiyotangazwa sana, kwa kuwa haina mfuko wa mbegu wa kuuzwa. Kulungu ana mdomo mwembamba unaochaguachagua, na chakula chake kikuu ni machipukizi ya miti, magugu ya majani mapana na matunda ya msituni, hasa mbegu za mialoni, wala si nyasi. Msitu uliofunga kabisa kwa juu hauna chakula hicho, kwa sababu jua halifiki chini, na mnyama anayefikia kimo cha takriban mita moja na nusu tu hawezi kunufaika na majani yaliyo juu ya mita kumi. Mmiliki huchukua msumeno wa injini, na ikiwezekana ushauri wa afisa misitu, akaondoa miti isiyo na thamani inayobana mialoni mizuri, na kuacha nafasi ambazo ndani ya miaka miwili au mitatu hujaa vichaka vya kula na kujificha. Njia nyingine ni kuukata mti mdogo zaidi ya nusu ya unene wake na kuulaza huku gome la upande mmoja likibaki limeshikana na kisiki, ili uendelee kuishi ukiwa umelala na majani yake yafikiwe na mnyama. Ni kazi ya hatari kwa asiyejua jinsi mti unavyopasuka, na si miti yote inayofaa, kwani mwaloni mzuri ukikatwa hivyo ni mali iliyotupwa. Katika kufungua mwanga huo, vilevile, mmiliki hukabiliana na mimea vamizi kama vile vichaka vya lonisera vilivyoletwa kutoka Asia, ambavyo huchanua majani mapema kuliko mimea ya kienyeji na hubaki kijani baada ya mingine kupukutika, hivyo visipong'olewa kwanza ndivyo vitakavyolinyonya jua lililokusudiwa mimea mingine.

Hapo ndipo kishamba cha malisho hupata nafasi yake. Kinaanza maabara, si dukani: sampuli za udongo hupelekwa kupimwa kwa gharama ndogo, mara nyingi kupitia maofisa ugani wa kaunti, na majibu huonyesha kiwango cha uchachu, kinachopimwa kwa kipimo cha pH ambacho 7 ni katikati na namba ndogo humaanisha uchachu zaidi. Udongo wa juu wa msitu unaweza kuwa na pH ya 5 hata pale ambapo mwamba ulio chini yake ni wa chokaa, na katika hali hiyo fosforasi ya mbolea hushikwa na udongo isiufikie mzizi, kiasi kwamba anayetia mbolea bila chokaa huwa ametupa fedha. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, ambayo huweza kuhitajika tani moja hadi tatu kwa ekari na huchukua miezi kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo shamba la vuli huandaliwa tangu mwaka uliotangulia au mapema wakati majani yanapochipua.

Kuhusu mbegu, soko limejaa mifuko yenye picha za madume ya pembe kubwa, na ni haki kusema kwamba picha hizo ndizo zinazolipiwa zaidi kuliko kilichomo. Kilichomo mara nyingi ni mimea michache inayojulikana. Klova nyeupe, ambayo ni ya jamii ya mikunde na hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vifundo vya mizizi yake, hudumu miaka mitatu hadi mitano ikifyekwa na kutunzwa. Mbegu zake ni ndogo mno hata zikifukiwa zaidi ya nusu sentimita hazioti vizuri, na wakulima wa kaskazini hutumia ujanja wa kuzimwaga mwezi Machi juu ya ardhi inayoganda usiku na kuyeyuka mchana, ili nyufa zinazofunguka na kufumba zizimeze zenyewe. Nafaka za oti na rai hupandwa kuanzia katikati ya Agosti hadi Septemba. Rai huvumilia udongo mbaya na baridi kali, na hubaki kijani wakati mimea mingine yote imekufa. Tanipu na figili, ambazo ni jamii moja na kabichi, hupandwa mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, na kulungu huweza kuzipuuza wiki nyingi mpaka jalidi ipige, lakini hazifai kurudiwa mahali pamoja zaidi ya misimu miwili kwa sababu ya magonjwa ya udongo.

Kuelekea majimbo ya kusini orodha hubadilika, na msomaji wa Afrika Mashariki atakutana humo na mimea ya nyumbani. Kunde, ambazo asili yake ni Afrika, hupandwa huko kama malisho ya kulungu wakati wa joto, na vilevile fiwi, zinazojulikana Kenya kwa jina la njahi, ambazo huko Texas husifiwa kwa kustahimili ukame na kuwa na protini nyingi katika majani. Udhaifu wa mimea hii miwili ni kupendwa kupita kiasi, kwani kishamba kidogo cha kunde huliwa chote kingali michipukizi, na wenye nacho hulazimika kukizungushia uzio wa umeme kwa muda. Ili kujua kama mimea haikuota au imeliwa, mmiliki huweka katikati ya shamba kizimba kidogo cha waya kisichoingilika, akalinganisha urefu wa ndani na wa nje.

Mahali pa kishamba ni suala zito kuliko mbegu zake. Kikiwa kando ya barabara au mahali ambapo mwindaji hawezi kufika bila kuonekana, hugeuka kuwa mgahawa wa usiku, kwa sababu kulungu aliyehisi binadamu haachi kula bali huhamishia mlo wake gizani. Dungu la kuwindia, ambalo hufungwa mtini au kusimamishwa kwa nguzo, huwekwa ili mwindaji awe demani, yaani upande ambao upepo unaelekea, huku mnyama akiwa joshini, upande upepo unakotoka. Na kwa kuwa pepo nyingi za eneo hilo hutoka magharibi, madungu mengi hukaa mashariki mwa mapito. Katika mabonde yenye miteremko mikali, hata hivyo, jioni hewa hupoa na kuporomoka kuelekea chini, na asubuhi jua likipasha miteremko hupanda tena, hivyo dungu lililo sahihi kwa ramani ya hali ya hewa huweza kumwaga harufu ya mwindaji moja kwa moja katika malalo. Wenye uzoefu hutafuta kwanza njia ya kuingia na kutoka, kwa mfano ndani ya kijito au nyuma ya ukuta wa mimea mirefu, halafu ndipo huchagua mti. Na wakipanda hujifunga mkanda wa usalama, maana kuanguka kutoka madunguni ni miongoni mwa ajali kuu za wawindaji wa kulungu.

Kilimo hiki kina mpaka wa kisheria ambao mgeni huweza kuuvuka bila kujua. Mimea iliyoota na kubaki ilipopandwa huhesabiwa kuwa kilimo cha kawaida, lakini mahindi yaliyomwagwa chini ni chambo, na Wisconsin hupiga marufuku chambo na ulishaji katika kaunti zilizoguswa na ugonjwa sugu wa kudhoofisha kulungu. Ugonjwa huo, ambao dalili zake zilionekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, husababishwa na prioni, yaani protini zilizojikunja vibaya zinazoharibu ubongo. Hauna tiba wala chanjo, huenea kwa mate na kinyesi, na prioni zake hudumu udongoni miaka mingi. Uligunduliwa Wisconsin mwaka 2002. Kishamba nacho hukusanya wanyama, ingawa si kwa msongamano wa rundo la mahindi, na hoja hii huwafanya baadhi ya wataalamu kupendelea vichaka vilivyotawanyika kuliko malisho ya mahali pamoja.

Hoja hiyo hiyo hudai majike yapunguzwe, jambo ambalo kihistoria limekuwa gumu kukubalika. Aldo Leopold, profesa wa usimamizi wa wanyamapori katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliingia katika tume ya uhifadhi ya jimbo hilo mwaka 1943 na kushutumiwa vikali na wawindaji kwa kutetea kuuawa kwa majike, ilhali misitu ilikuwa imeliwa hadi miche haikui. Jike mzima mwenye afya huzaa mapacha mara nyingi, na ardhi iliyotengenezewa malisho bila kuvunwa majike huishia kuwa na njaa kubwa kuliko ile ya mwanzo. Nyama ya kulungu wa porini hairuhusiwi kuuzwa, hivyo huliwa na familia au hutolewa kwa mashirika yanayowagawia chakula wenye uhitaji. Na kwa kuwa mamlaka za afya hushauri nyama ya mnyama aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa isiliwe, ingawa hakuna mtu anayejulikana kuambukizwa, wamiliki katika kaunti zilizoathirika hupeleka tezi za shingo maabara na kuifungia nyama katika friza mpaka majibu yarudi.